Kabla hujachemsha lile jani: namna ya kusoma habari za mimea inayoua kansa ya mapafu

Mjomba wangu anakaa Tandika, nyuma ya soko. Jumapili moja nilimkuta uani amekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele yake jiko la mkaa, juu ya jiko sufuria kubwa lile la kupikia pilau za shughuli. Ndani yake majani ya mstafeli yalikuwa yamechemka mpaka maji yamekuwa meusi kama kahawa ya kijiweni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Usiniulize kitu, soma mwenyewe." Akanipa simu.

Ujumbe ulikuwa wa kusambazwa, umepita mikono mingi. Ulisema wanasayansi wamethibitisha kwamba jani la mstafeli linaua seli za kansa ya mapafu bila kugusa seli nzima, na kwamba mahospitalini hawataki ujue. Mjomba alikuwa na wiki tatu tangu aambiwe ana saratani ya pafu. Kabla ya hapo alikohoa miezi, kituo kimoja kikampa dawa za kifua kikuu akazimeza bila nafuu, mpaka picha ya CT na kinyama kilichochukuliwa kwenye pafu vikasema vingine. Mtu aliyepitishwa njia hiyo huwezi kumlaumu akiamini sufuria.

Mimi ni fundi wa maabara. Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kulea seli za kansa kwenye chupa za plastiki, kuzilisha, kuzimwagia dondoo za mimea, yaani kile kinachokamuliwa kutoka kwenye mmea, na kuhesabu zilizokufa. Kwa hiyo niliposoma ule ujumbe kilichonisumbua ni kwamba nusu yake ni kweli. Ungekuwa uongo mtupu ningeufuta na kunywa chai. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza mjomba, pamoja na mengine ambayo siku ile sikuwa na pumzi ya kuyasema. Mtu yeyote anaweza kuyafuata akiletewa habari ya mwarobaini, mlonge, habbat soda au chochote kitakachovuma mwezi ujao.

Anza na neno "linaua"

Kwenye sahani ya maabara kila kitu kinaua seli za kansa. Jiki inaua. Chumvi ikizidi inaua. Umeme ukikatika usiku, jenereta nayo ikagoma, kabati la joto likashuka chini ya nyuzi 37, asubuhi unakuta msiba. Ndiyo maana mtafiti makini haridhiki kusikia seli zimekufa. Anataka kujua zimekufaje.

Waliowahi kukaa kando ya Barabara ya Morogoro wakati wa upanuzi wataelewa haraka. Nyumba inaweza kuondoka kwa njia mbili. Ya kwanza, mwenye nyumba anapata taarifa, anawekewa alama ya X nyekundu ukutani, anaanza kubomoa mwenyewe: anang'oa mabati, anatoa milango na madirisha, anapanga matofali pembeni, na watu wanakuja kubeba. Jirani hapati hata vumbi jingi. Ya pili, greda linaingia alfajiri, ukuta unaangukia kwa jirani, bomba la maji linapasuka, mtaa mzima unapiga kelele.

Seli nazo ni hivyohivyo. Kufa kwa greda huitwa nekrosisi: seli inavimba, inapasuka, uchafu wake unamwagikia majirani na kuleta uvimbe na maumivu. Kufa kwa kujibomoa kwa utaratibu huitwa apoptosisi. Jina hili lilitolewa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, na wamelichukua kwenye Kigiriki, neno la kupukutika kwa majani. Nililipenda tangu siku ya kwanza kulisikia. Mti hauumii jani likipukutika, na mwili wako kila siku unapukutisha seli kwa mabilioni bila wewe kuhisi.

Hata ile X ipo. Kwenye ngozi ya seli kuna mafuta fulani ambayo siku zote hukaa upande wa ndani. Seli ikishaamua kufa kwa utaratibu, mafuta hayo yanageuzwa kuangalia nje, na seli za usafi za mwili zikiyaona zinakuja kula. Sisi maabara tunamwaga protini iitwayo aneksini V iliyotiwa rangi inayong'aa, inakwenda kunasa palepale penye X. Kwa hiyo unaposoma utafiti, au muhtasari wake, ukiona aneksini V imetajwa, jua kuna mtu aliyejisumbua kuangalia aina ya kifo.

Sasa, nani anatoa amri ya kubomoa? Kuna njia mbili kubwa. Moja inatoka nje: mjumbe anagonga mlango, yaani kipokezi kilichoko kwenye ngozi ya seli, na ndani inaamshwa protini iitwayo kaspesi-8. Nyingine inatoka ndani, na hii ndiyo kemikali nyingi za mimea huigusa. Seli ina mkaguzi wake, protini p53. Akikuta vinasaba vimeharibika kiasi cha kutotengenezeka, anaagiza nyumba ivunjwe. Protini iitwayo Bax inakwenda kutoboa mitokondria, ile mitambo ya nishati ya seli. Kutoka humo inavuja saitokromu c, nayo inaamsha kaspesi-9, kaspesi-9 inaamsha kaspesi-3, na kaspesi-3 ndiye fundi mwenye nyundo. Anakatakata kila kitu kwa mpangilio.

Kansa inajua mchezo huu. Seli ya kansa huhonga mkaguzi au humwondoa kabisa kazini, halafu inakwenda kuchukua zuio la mahakama: inatengeneza kwa wingi protini iitwayo Bcl-2, ambayo kazi yake ni kumshika Bax mkono asitoboe. Nyumba ina X, imekwisha hukumiwa, lakini haivunjwi na inazidi kuongeza vyumba.

Utafiti wa mmea ukisema "Bcl-2 ilishuka, Bax ikapanda, kaspesi-3 ikaamka", maana yake zuio limeondolewa na fundi ameingia kazini. Kurkumini, ile kemikali ya njano iliyomo kwenye kiungo cha manjano, imeonyeshwa kufanya hivyo kwenye seli za kansa ya mapafu katika maabara mbalimbali. Kwa hiyo aliyeandika ujumbe wa mjomba hakubuni kila kitu.

Lakini kama utafiti una kipimo cha MTT peke yake, punguza furaha. MTT ni unga wa njano ambao seli hai huugeuza zambarau, basi. Zambarau ikipungua unasema seli zimekufa, na kumbe nyingine zimelala tu, au zimechoka. Na kinyume chake kinatokea pia: dondoo nyingi za mimea hugeuza unga huo zambarau zenyewe, hata pasipokuwa na seli hata moja ndani. Nimeona kwa macho yangu kisima, yaani kitundu kimoja cha sahani ya maabara, kisicho na seli kikiwa zambarau kuliko chenye seli.

Seli za nani hizo?

Ukienda chini kidogo kwenye maandishi utakuta herufi na namba, mara nyingi A549. Hizi ni seli zilizotolewa mwaka 1972 kwenye uvimbe wa pafu la mwanamume wa miaka 58. Tangu hapo zinaishi kwenye plastiki, zinagawanyika, zinagandishwa, zinasafirishwa dunia nzima. Nyingine maarufu ni H1299, ambazo p53 hazina kabisa, kwa hiyo mmea unaotegemea mkaguzi hautafanya kitu pale.

Seli hizi hazina ini juu yao. Hazina tumbo lenye tindikali, hazina figo, hazina damu inayozunguka. Dawa inamwagwa juu yake moja kwa moja na kukaa siku mbili. Angalia pia kama walipima seli nzima za pafu kwa kipimo kilekile. Maneno "bila kugusa seli nzima" yanapaswa kuwa na majedwali nyuma yake, na mara nyingi hayana.

Kosa langu la mwaka wa pili

Nilipewa dondoo la magome, nikaliyeyusha kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO kwa sababu kwenye maji lilikataa. Nikazimwagia seli Jumanne jioni. Alhamisi nikaweka sahani chini ya hadubini: seli zote zimejikunja, zimeng'oka, zinaelea kama ukoko wa uji. Sahani ina visima 96, na safu yote ya dozi ya juu ilikuwa imekufa. Nikampigia picha bosi wangu, nikaweka na alama tatu za mshangao, nikaenda kula chipsi mayai na kuku, na pesa zenyewe za kukopa.

Asubuhi bosi hakusalimia vizuri. Aliuliza kitu kimoja: "Visima vya kiyeyushi peke yake vinasemaje?"

Sikuwa nimevitazama. Tukavitazama pamoja. Vimekufa vyote. Nilikuwa nimeruka hatua moja ya kuzimua, DMSO ikafika asilimia 5 badala ya asilimia 0.5, na kwa kiwango hicho seli inakufa hata ukiizimulia maji ya zamzam. Magome ya watu hayakuwa na hatia wala sifa.

Tangu siku ile, habari yoyote ya mmea na kansa naanza kwa kutafuta visima vya kulinganishia: vilivyopata kiyeyushi tupu, na vilivyopata dawa inayojulikana kuua. Visipotajwa, naacha hapohapo. Kuna mtego mwingine wa kijinga zaidi. Baadhi ya kemikali za mimea, zile za chai ya kijani kwa mfano, zikimwagwa kwenye kimiminika cha kulishia seli huzalisha haidrojeni peroksaidi zenyewe. Seli zinakufa, mtafiti anaandika kwamba chai imeua kansa, kumbe kilichoua ni kile kimiminika kinachosafishia vidonda.

Piga hesabu ya manjano

Hapa ndipo mjomba alianza kunisikiliza, maana alikuwa dereva wa lori na hesabu za lita anazijua.

Kwenye sahani, kurkumini inapoua seli za mapafu huwa imewekwa kwa makumi ya maikromola. Kipimo hicho kisikutishe, kichukulie kama namba tu: 20, 30, 40. Mwaka 2001 madaktari wa Taiwan walichapisha majibu ya wagonjwa waliomeza gramu 8 za kurkumini kwa siku. Kilichofika kwenye damu yao hakikuvuka 2. Kurkumini haifyonzwi vizuri tumboni, na kidogo kinachopita ini linakibadilisha na kukitupa mara moja.

Sasa gramu 8 hizo ni kurkumini safi. Unga wa manjano wa sokoni una kama asilimia 3 tu ya kurkumini. Gawanya: unahitaji zaidi ya gramu 260 za manjano kwa siku, zaidi ya robo kilo, vijiko vya chai karibu tisini. Na baada ya kula vijiko tisini bado uko chini ya 2, wakati sahani ilitaka 20.

"Robo kilo kila siku?" mjomba akauliza.

"Kila siku."

"Hata pilau la harusi halili hivyo."

Watu wa vidonge wamepata njia ya kuzunguka: wanachanganya kurkumini na piperini ya pilipili manga, na kweli kiasi kinachoingia kwenye damu kinapanda mara nyingi. Ila piperini inafanya hivyo kwa kulifunga ini mikono lisisafishe. Ini likifungwa mikono haliachi kurkumini peke yake. Linaacha na dawa nyingine unazotumia zirundikane. Pilipili manga ya kwenye mchuzi isikusumbue, nazungumzia vidonge.

Mimea iliyovuka mto

Nilimuuliza mjomba kama anajua dripu ya dawa za saratani atakayowekewa inatoka wapi. Alisema kiwandani, "kemikali za Wazungu". Alikuwa amepangiwa mseto wa kaboplatini na paklitakseli. Paklitakseli asili yake ni gome la mti.

Mti wenyewe ni Taxus brevifolia, unaota pwani ya magharibi ya Marekani. Magome yalikusanywa mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha umbo la kemikali hiyo mwaka 1971. Mwaka 1979 maabara ya Susan Horwitz ilionyesha inavyofanya kazi: seli inapogawanyika hujenga nyuzi za kuvutia vinasaba pande mbili kisha huzibomoa, na paklitakseli inazigandisha zisibomoke. Seli inakwama katikati, haigawanyiki na hairudi nyuma, na kukwama huko ndiko kunakowasha ule mlolongo wa Bax na kaspesi. Marekani iliiruhusu kwa kansa ya ovari mwaka 1992, na ya mapafu ikafuata miaka kadhaa baadaye. Kutoka gome hadi ruhusa, miaka 30.

Halafu haiyeyuki kwenye maji. Wakaiyeyusha kwa pombe na mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kiwandani, na mafuta hayo huwaletea baadhi ya watu mzio mkali, ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kuzuia mzio kabla ya dripu. Mjomba alicheka sana kusikia mbarika. Mama yake alikuwa akimnywesha kila likizo ya shule kusafisha tumbo.

Mingine iko. Etoposaidi, inayotumika sana kwa kansa ya mapafu ya seli ndogo, imetengenezwa kutokana na kemikali ya mmea uitwao Podophyllum. Kimeng'enya kinachokata na kuunga vinasaba inakiacha kikate lakini kisiunge, na mikato hiyo ikirundikana amri ya kubomoa inatoka. Vinorelbini inatokana na Catharanthus roseus, lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano, ambalo asili yake ni Madagaska na Dar limejaa kwenye vibaraza na makaburini. Usiende kulichuma. Kwenye dawa dozi inapimwa kwa miligramu na chembe za damu zinahesabiwa kabla ya kila dripu. Kwenye kikombe hakuna anayepima.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni mmea umefika hatua gani: sahani, panya, au watu? Na kama ni watu, walikuwa na kundi la kulinganishwa nao?

Kwa nini nasisitiza watu: beta-karotini. Ndiyo rangi ya karoti na viazi vitamu vya njano, na kwa hesabu zote ilitakiwa kulinda mapafu. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walipewa vidonge, wengine beta-karotini, wengine bila. Majibu yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani utafiti kama huo ulisimamishwa kabla ya muda mwaka 1996, na huko ilikuwa asilimia 28 zaidi. Kula karoti zako. Vidonge vya beta-karotini, kama unavuta au uliwahi kuvuta, viache dukani.

Turudi kwenye sufuria

Mstafeli una kemikali ziitwazo asetojenini. Zinaziba mitokondria zisitoe nishati, na kwenye sahani zinaua seli za kansa kwa dozi ndogo sana. Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Lakini zenyewe haziyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo dondoo la maabara lililokamuliwa kwa pombe kali si chai ya Tandika. Na seli za neva zinategemea mitokondria kuliko karibu seli nyingine zote. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliripoti watu wengi kuliko kawaida wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa neva unaotetemesha mwili, na wengi walikuwa wanywaji wa chai ya majani ya jamii hii ya mistafeli na walaji wa matunda yake. Stafeli moja moja ya msimu mimi nakula. Lita mbili za majani kila siku kwa miezi ni habari nyingine.

Sikumwambia mjomba amwage. Mtu mzima humwagii sufuria yake, na ukimkosoa mbele ya watu ataanza kunywa kwa siri, halafu daktari hatajua. Nilimwomba tuandike kwenye karatasi kila anachomeza: majani ya mstafeli, vikombe vingapi, asali, vidonge vya manjano alivyoletewa na shangazi, dawa ya presha. Majani mabichi matatu tukayafunga kwenye mfuko. Kliniki nilimwachia aongee mwenyewe. Daktari hakumcheka, na hilo lilimsaidia kuliko maelezo yangu yote. Alisema paklitakseli inasafishwa na ini, vipimo vya ini vya mjomba vilikuwa vimepanda kidogo, na hataweza kujua ni saratani, ni dawa au ni majani mpaka kimojawapo kiondoke. Akaomba majani na vidonge vya manjano visimame mpaka dripu ziishe.

Mjomba akakubali majani. Vidonge vya shangazi ikachukua wiki mbili zaidi, kwa sababu za kifamilia ambazo sizielezi hapa.

Juzi usiku, baada ya dripu ya tatu, alinitumia kiungo cha habari ya habbat soda na kansa ya mapafu, na chini yake sauti ya sekunde nne: "Mjomba, hii ni ya sahani au ya mtu?"

Ilibidi niifungue na kusoma mpaka chini kabisa. Ilikuwa ya panya.